Barua kwa Mjomba: Jamaa wa Kaa Walioko Leicester

Mjomba,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, pamoja na jogoo. Ile picha ya bustani yangu niliituma ili muone boga. Mama kaliona, Mkaza-mjomba kaliona, hata mtoto wa jirani aliyekushikia simu kaliona. Wewe peke yako ukaliruka boga, ukaenda kuivuta pembe ya picha pale kwenye ubao, ukakuta vitu vya kijivu vimejazana, ukaanza kuniandikia dawa. Umestaafu ubwana shamba zamani, lakini hujawahi kuona mdudu ukamsalimia kwanza.

Umeuliza ni rafiki au adui. Tuanze na ukoo, maana kwetu ndivyo tunavyouliziana.

Wenyeji wa huku Uingereza wanawaita woodlice, na kuna aina tano hivi zilizozagaa karibu kila bustani. Inua tofali, inua chungu cha maua, inua gome lililooza: wapo, na mwanga ukiwapiga kila mmoja anashika njia yake. Wengine ukiwagusa wanajikunja duara, miguu yote ndani. Lakini ungewahesabia hiyo miguu, wewe mwenyewe ungewafuta kwenye daftari la wadudu. Mdudu ana miguu sita. Hawa wana 14. Ni ukoo wa kaa, kamba na uduvi, yaani ndugu zao ndio wale Mkaza-mjomba anaowagombania bei kila asubuhi pale soko la samaki la Deep Sea. Walitoka majini zamani za kale, ila maji hayajawatoka: wanapumua kwa viungo vilivyo chini ya tumbo upande wa nyuma, na vikikauka ndiyo buriani. Ndiyo maana jua hawalitaki na mbao zangu wanazipenda.

Na mambo yao, Mjomba, ukisimulia barazani utaambiwa umeongeza chumvi. Jike ana kifuko tumboni chenye majimaji, mayai yanaanguliwa humo humo, na watoto hutoka weupe pe wakiwa na jozi sita za miguu. Ya saba wanaipata baadaye. Gamba wanalivua kwa awamu, nusu ya nyuma kwanza, nusu ya mbele siku chache baadaye. Hawakojoi, uchafu ule kwao unatoka kama hewa ya amonia. Tena wanakula mavi yao wenyewe, uniwie radhi kama uko kwenye chai, kwa sababu damu yao inahitaji shaba na hawapendi kuitupa. Mimi hapo nimewastahi. Ni wabahili wenye sababu.

Sasa shauri lenyewe. Hiki kibustani nimekodi kwa halmashauri ya jiji. Ipo sheria ya mwaka 1908 inayozitaka halmashauri ziwapatie watu vipande vya kulima, na kipande kamili kwa desturi ni rodi 10, kama mita za mraba 250. Mimi nina nusu. Usicheke. Kwa nusu hiyo nimekaa kwenye orodha ya kusubiri kama ninayesubiri kiwanja Kigamboni.

Kulia kwangu yupo mzee wa Kiingereza, ana kofia ya sufu hata Julai. Yeye anasema hao ni marafiki wakubwa na asiwaguse mtu. Ushahidi wake una walakini, kwa sababu huyu mzee hata magugu ni rafiki zake. Kushoto yupo Bi Mkubwa, Mhindi mzaliwa wa Jinja, Uganda, mmoja wa wale waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Halmashauri ya hapa wakati huo ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije Leicester. Wakaja. Leo ukitaka mihogo, bamia au bilinganya ndogo mjini hapa unajua uende kwa nani. Bi Mkubwa anazungumza nami Kiswahili, ingawa Kiswahili chake kina amri nyingi kuliko maamkizi. Hukumu yake kuhusu hao viumbe ni fupi: "Ua! Ua yote!"

Ana kisa. Miche yake ya matango ilikatwa ikiwa na majani mawili tu, na asubuhi alipofukua pembeni ya shina akawakuta. Basi tukaenda usiku na tochi, mimi na yeye, yeye kavaa sari na koti la mvua na buti za mpira. Tulichokiona ni hiki: wanaokata ni konokono, wale wasio na nyumba, wanene, wanateleza bila aibu. Jamaa zetu wa kijivu walikuwa nyuma, kwenye majani yaliyokwisha kuanguka. Stroberi pia ni hivyo hivyo. Konokono anatoboa, wao wanaingia kwenye tundu na kulipanua. Mjomba, mtu akikutwa msibani kainamia sinia la pilau, haina maana kwamba ndiye aliyemuua marehemu.

Lakini nisiwatetee hadi nikasema uongo. Taya zao ni dhaifu, wanataka kilicholainika: jani lililokufa, mti uliooza, ukungu. Hiyo ndiyo kazi yao. Wanasaga majani vipande vidogo, vinapita tumboni, bakteria na kuvu wanamalizia, unapata mboji. Ukilifunua rundo langu la mboji, pembeni kusikochemka, wamejaa tele, nami nawaacha. Tatizo ni kwamba mche mchanga nao ni laini. Wakiwa wengi mno, na udongo una unyevu, hawaulizi kama jani limekufa au ndiyo kwanza linazaliwa. Kwa hiyo Bi Mkubwa hakuwasingizia kwa asilimia mia.

Wewe hili litakugusa, maana ulitembea vijiji vya Handeni ukihubiri kilimo hifadhi. Kule Kansas, Marekani, na Argentina pia, wakulima wa soya wanaopanda bila kutifua walianza kuona aina ile inayojikunja ikiteketeza miche yao. Walichofanya ni kuacha mabua shambani, kama ulivyofundisha, ili udongo usikauke. Udongo ukafurahi. Na wenye miguu 14 wakafurahi, wakazaana chini ya mabua. Sisemi ulifundisha vibaya. Nasema tu kwamba matandazo nayo yana wapangaji.

Huku kwenye nusu yangu nimefanya hivi: miche naikuza dirishani hadi shina likomae, ndipo naitoa nje. Namwagilia asubuhi, nisije nikawaandalia bafu la jioni. Ule ubao uliouona nimeuondoa kwenye tuta. Bi Mkubwa anakomba ndani ya nusu kiazi ulaya, anakifudikiza chini usiku, asubuhi wamejaa ndani. Siku hizi badala ya kuwaua ananiletea mimi, anawamwaga kwenye mboji yangu kama anayerudisha watoto kwa mama yao. Dawa hatupulizi. Hata ile ya konokono yenye metaldehidi imepigwa marufuku kutumika nje hapa tangu mwaka 2022.

Mwambie Mkaza-mjomba kuna bwana mmoja wa Kiingereza, Vincent Holt, aliandika kitabu kidogo mwaka 1885 akiwashauri wenzake wale wadudu, na humo kuna mapishi ya mchuzi wa hawa hawa, eti haushindwi na wa uduvi. Sijaupika. Mzee wa kofia ya sufu nilipomweleza alikiri kwamba hata kwake urafiki una mipaka.

Na ile bajeti uliyonisomea kwenye ujumbe wa sauti wa pili, nimeipitia kwa makini. Chupa ya dawa nimeifuta, pampu mpya ya mgongoni nimeifuta. Nauli ya kwenda Arusha kuwauliza wataalamu wa viuatilifu juu ya mdudu wa Leicester ambaye hata si mdudu, na "malazi siku mbili", hilo nalo nimelifuta. Ya sukari na vocha nimetuma leo, angalia simu. Namba ile ile, ya jina la Mama, kwa sababu yako unaijua mwenyewe.