Wanja Damu ya Mzee

Mimi ni fundi cherehani wa Mbangala, na rangi ndizo zinazonipa ugali. Mteja akija na kitambaa, simruhusu achague uzi akiwa ndani ya banda langu. Namtoa nje juani, kitambaa mkono huu, uzi mkono ule, ndipo tunaamua. Bandani kuna turubai la bluu, na kila kinachokaa chini yake kinaiga ubluu kidogo. "Uzi hauchaguliwi kivulini," ndivyo ninavyowaambia, tena kwa sauti ya mtu aliyesomea jambo hilo chuoni.

Sasa sikia nilichokwenda kufanya Tunduma.

Ilikuwa Februari 2024, sendofu ya binti wa mama mkubwa. Kamati ilikaa, ikaamua sare ya akina mama iwe damu ya mzee. Mzee mwenyewe simjui, wala aliumia wapi, ila damu yake imevaliwa kwenye sendofu nyingi mno kwa mtu mmoja. Magauni kumi na moja nilishona mimi. Nikaanza kuiona rangi hiyo hata kwenye maharage.

Kisha ukaingia ujumbe kwenye kundi la WhatsApp: mekapu nazo ziendane na sare. Hapo ndipo wanja ulipozua mjadala kuliko michango. Mmoja akasema apake bluu anayetaka weupe wa jicho ung'ae. Mwingine akasema kahawia, ndiyo haigombani na mtu. Wa tatu, ambaye mpaka leo hajamaliza ahadi yake, akashauri rangi ya ugoro. Mama mkubwa akatuma sauti ya dakika mbili nzima akiuliza tangu lini wanja ukawa na rangi. Kwake yeye wanja ni mweusi kama chumvi ilivyo nyeupe, na anayeuliza "wanja wa rangi gani" ana lake jambo.

Mimi nina macho madogo. Nikicheka, yanafunga duka. Nikiyazungushia wanja mweusi juu na chini, ni sawa na kuweka seng'enge kwenye kiwanja cha hatua mbili: kinachoonekana ni uzio, kiwanja hakipo. Kwa hiyo ujumbe wa kamati niliupokea kwa furaha. Nikakata kipande cha kitambaa cha sare, nikakiweka kwenye pochi, nikaondoka.

Mkoa wetu wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na makao makuu yake ni Vwawa. Lakini sisi wa Mbangala, kwa njia ya magari tuliyozoea, tunashuka Mkwajuni, tunaibukia Mbalizi ambako ni Mbeya, ndipo tunashika lami ya kwenda Zambia kupitia Mlowo na Vwawa. Yaani kwenda makao makuu ya mkoa wetu tunapita kwanza kwa jirani kumsalimia. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, tope la magotini. Tunduma niliingia jioni, malori yamepangana kuelekea mpakani, taa zinawaka.

Duka lenyewe lilikuwa kontena. Ndani walikuwa wamezungusha zile taa za mkanda, mara za pinki, mara za zambarau, na muziki juu. Muuzaji kijana wa kiume, kucha safi kuliko zangu.

"Karibu, dada. Wanja upo wa penseli, wa maji, wa kalamu. Nikupe rangi gani?"

"Inayoendana na hii," nikasema, nikatoa kipande changu kwa madaha, kama mtu anayeonyesha kitambulisho.

Mwone fundi. Nilikwenda kutafuta rangi ya macho, nikaitafutia kitambaa.

Akafungua penseli tatu, akanichora mistari mitatu mgongoni mwa mkono. Chini ya taa ile ya pinki wa katikati ulikaa sawasawa na gauni, hata uzi nisingeupatia hivyo. Kijana akarudi nyuma hatua moja, akaweka mkono kifuani.

"Dada, hii imekutoa!"

Sikuuliza imenitoa wapi na inanipeleka wapi. Alianzia elfu tatu, tukashukiana hadi elfu moja mia tano. Nje kulikuwa bado na mwanga wa kutosha, na mlango ulikuwa hatua nne kutoka niliposimama. Sikuutazama.

Asubuhi umeme ulikuwa umekatika. Nilijipaka kwa tochi ya simu, juu ya kope na chini ya kope, mstari umenyooka kama mshono wa suti. Nikapanda bajaji, nikashuka ukumbini saa sita, jua limetoka baada ya mvua, jeupe, kali.

Hapa lazima nikukumbushe kitu. Januari ile Wizara ya Afya ilikuwa imetangaza mlipuko wa macho mekundu. Habari zilianzia Dar es Salaam, zikasambaa, na redio ikawa inatuimbia kutwa: naweni mikono kwa sabuni, msishikane ovyo, msijitibu kienyeji.

Nikaingia ukumbini na macho yaliyozungukwa na damu ya mzee.

Dada wa mapokezi alininyooshea mkono, akanitazama, akaurudisha mkono na kujikuna nao shingoni. Wa pili alinisalimia kwa kiwiko. Wa tatu alinipungia kutoka mbali, na huyo nilisoma naye. Nilipokaa, kiti cha kushoto kikapata dharura, cha kulia kikakumbuka kumwona mtu. Mjumbe wa kamati akaniletea kitakasa mikono, chupa nzima, akaiacha mezani kwangu kama bili.

Mama mkubwa alikuja akasimama mita moja.

"Mwanangu, macho haya umeamka nayo?"

"Shikamoo, mama. Ni wanja."

"Marahaba. Wanja mwekundu?"

"Damu ya mzee, mama. Kamati walisema."

"Kamati walisema mvae, hawakusema muugue." Kisha akainama kidogo, bila kupunguza ile mita: "Kuna mzazi pale nyuma ananyonyesha. Nikamwombee maziwa kidogo tukutie?"

Nilikimbilia chooni. Wanja ule ulioshindwa kukaa vizuri ulikuwa hodari sana wa kukaa tu. Nilisugua kwa karatasi, nikasugua kwa maji, nikasugua kwa sabuni ya kunawia mikono, na sabuni ikaingia ndani. Nilipotoka, wanja ulikuwa umebaki nusu, na macho yenyewe sasa yalikuwa mekundu kwelikweli, yanatiririka machozi. Waliokuwa na shaka wakapata uhakika.

Wakati wa kutunza tulipanga mstari tukicheza kwenda mbele. Pale mpakani, kati ya lori na lori, baiskeli inapita kwa kuomba. Mbele yangu na nyuma yangu lingepita lori lenyewe na tela lake. MC akachukua kipaza sauti akawakumbusha wageni waalikwa kwamba upendo hauhitaji kushikana mikono. Hakunitaja. Alinitazama tu. Mpiga picha naye akaniomba kwa adabu nivae miwani ya jua, kwa hiyo kwenye albamu ya familia nipo, nimesimama pembeni kama mlinzi wa kiongozi.

Lakini nisiseme uongo, safari ya kurudi sijawahi kuisafiri vile. Kutoka Mbalizi kwenda Mkwajuni tumezoea kubanana hadi goti la mwenzako unalijua. Siku ile siti nzima iliachwa yangu. Nililipa nauli ya mtu mmoja, nikakaa kama watatu. Konda alipokea hela kwa ncha za vidole.

Jumatatu akaja mteja wangu mmoja, mama wa Tanga aliyefuatana na mumewe huku kwenye dhahabu. Nikamsimulia, akacheka hadi akashika meza. Kwao, akasema, bibi yake alitumia wanja wa manga, unga wa jiwe uliotoka Uarabuni. Jiwe hilo mara nyingi lilikuwa na madini ya risasi, ndiyo maana wataalamu wa afya siku hizi wanakataza kuwapaka watoto. Wamisri wa kale nao walisaga jiwe jeusi na jiwe la kijani, wakapaka yote mawili. Nikawaza: sisi hapa karasha zinasaga mawe usiku na mchana watu wakitafuta dhahabu, kumbe wenzetu zamani walisaga wakitafuta macho. Akaniongezea kwamba hata neno alkoholi asili yake ni Kiarabu, al-kuhl, yaani huohuo wanja. Jirani yangu mmoja, kwa hesabu hiyo, amejipaka wanja ndani kwa miaka ishirini.

Kisha akanishika kidevu, akanitoa nje. Juani. Akanitazama kama ninavyotazama kitambaa.

"Wewe maji ya kunde, macho madogo, na kope za ndani zina wekundu wa asili," akasema. "Ukipaka chochote chenye damu, unauzidisha. Chukua kahawia nzito, kama kahawa iliyokaangwa ikakaribia kuungua. Juu tu. Chini usiguse."

Kahawia! Na mimi nilipita Mbozi kwenda na kurudi, wilaya inayolima kahawa, sikufikiria.

Nimefuata. Imenikaa. Macho sasa yanaonekana yana mtu ndani.

Ile penseli ya Tunduma ipo kwenye droo ya cherehani, pamoja na futi na sindano zilizopinda. Nachorea nayo pindo za kaptura za shule. Kwenye kaki inaonekana vizuri kuliko chaki.