Jinsi ya Kuikumbuka Kahororo Kitaalamu

Kwanza, ondoka. Mwandishi anayekaa Kahororo, Bukoba, akaandika habari za Kahororo huitwa mtu wa Kahororo. Akihamia London akaandika mambo yaleyale, huitwa sauti ya uhamishoni, na jukwaani anawekewa maji ya chupa. Mzee Aniceti Kitereza alijikalia Ukerewe, humo humo katika Ziwa Victoria letu, akamaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilitoka kwa Kiswahili 1980, na mwaka uliofuata mzee akafariki. Miaka 35 ya kusubiri. Abdulrazak Gurnah naye aliondoka Zanzibar, akafika Uingereza 1968, kijana mdogo, na riwaya yake ya kwanza ikatoka 1987. Piga hesabu mwenyewe: kwa kupanda ndege tu umeshaokoa miaka 16.

Jiji lako liwe na mvua, maana mvua huandikika. Kwa vipimo, Bukoba inanyeshewa kama mara tatu ya London, lakini hilo libaki siri yetu. Ya London iite huzuni, ya Bukoba iite utoto. Usizichanganye, utampoteza msomaji.

Ukishafika, utagundua kwamba ushomile wako, ile sifa ya Wahaya ya kujiona wasomi, umekwisha muda wake. Nyumbani Tanzania, Mhaya akifungua mdomo tu watu wanaguna, "Haya, nshomile keshaanza," na wewe unajifanya umeudhika huku moyoni unafurahi. Ukisema ulisoma Kahororo Sekondari, mtu wa Kanda ya Ziwa atakuangalia upya. Mtu wa London atakuuliza inaandikwaje. Mtajie herufi moja moja, kwa upole. Ndiyo hadhira yako hiyo.

Tafuta kazi ya usiku. Mimi natunza wazee. Saa nane za usiku kuna mzee mmoja huamka akaniomba nimfungulie mlango aende kwao, na kwao ni nyumba iliyobomolewa kabla sijazaliwa. Namketisha, namwekea chai, tunaongea habari za bustani ya mama yake. Nilimwandika katika hadithi moja nzuri sana kwa kumhurumia. Ilinichukua mwaka kuona ninachekesha.

Asubuhi panda basi la ghorofa, kaa juu mbele, andika. Siku ukijisikia mwandishi kamili, nenda mgahawani, nunua kikombe kimoja cha kahawa ukikalie saa nne. Bei ya kikombe hicho inapita bei ya kilo nzima ya kahawa ya maganda anayouza mama yako. Hili ni jambo zuri sana la kuandika, tena utaliandikia palepale, ukiwa umekalia kikombe.

Chakula. Maduka ya Waafrika yanauza matoke kutoka Uganda, yamekatwa kidole kidole, yamepangwa kwenye boksi kama mishumaa. Nunua. Yamenye kwa glavu kwa sababu ya utomvu, halafu usiku andika kwamba vidole vyako vilikuwa vyeusi kama vya mama. (Vidole vya mama ni vyeusi kweli. Anamenya amekaa chini, kisu kidogo kilicholika, ganda linatoka kwa mapigo manne, na ndizi haitazami hata mara moja.) Senene, wale panzi wetu wa kukaanga, waachie wenye nyumba zao. Nilikaanga waliotoka Bukoba wakiwa tayari wameng'olewa mbawa na miguu, king'ora cha moshi kikalia, na wapangaji wenzangu watano wakasimama barabarani na nguo za kulalia wakiniuliza kilichoungua ni nini. Nikasema vitunguu.

Mhariri atakuomba uongeze maembe. Muongezee. Ukimweleza kwamba Kahororo ya kwako ni kibanja, yaani migomba, kahawa chini yake, na makaburi ya wazee humo humo, atakwambia ni kizuri lakini hakina rangi.

Sasa tufike kwenye kosa ambalo kila mwanafunzi wa fani hii hulifanya, nami nililifanya: usiwasomee wa nyumbani ulichoandika. Nilimpigia mama Jumapili moja nikamsomea ukurasa wangu bora, ule wa upepo wa ziwa ukipita katika migomba ya nyuma ya nyumba. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Waitu mwanangu," akasema, "migomba ipi?"

Mnyauko ulibisha hodi Kagera mwaka 2006. Majani yananyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati wake, ukizikata ndani zimeoza. Dawa hakuna, unang'oa. Wa kwetu ile ya nyuma waliing'oa yote, wakapumzisha ardhi, wakapanda mingine upande wa barabarani. Mimi nilikuwa bado naipepea kwa upepo wa ziwa, ukurasa baada ya ukurasa, na nimeshalipwa.

Ilikuwa hivyo hivyo kwenye tetemeko la Septemba 10, 2016. Bukoba ilitikisika Jumamosi mchana. Jumapili nilikuwa na shairi la nyufa. Jumatatu mama akaniuliza kama fedha ya saruji nimeituma.

Kuna jambo moja ambalo mwongozo huu hauna maelekezo yake. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikitoka kwetu, na waliokufa ni mamia. Waandishi wahamiaji huipenda meli ile. Inaupa ukurasa uzito. Mimi nimeianza mara tatu na kuifuta mara tatu.

Mwisho, rudi kutembea. Wiki mbili zinatosha. Chukua daftari. Nilipofika, kabla sijavua viatu, mama aliniletea kaibo, kikapu kidogo chenye kahawa za kutafuna, akanipa kwa mikono miwili. Nilifurahi, nikachukua punje mbili, nikaanza kutafuta maneno ya uchungu wake. Baadaye nikakumbuka kahawa ile hupewa nani.

Jioni akanipeleka kwenye migomba mipya. Ua lile la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu lazima litolewe mapema, maana wadudu wanaolifuata ndio wanaoleta ugonjwa. Panga halitumiki, litaubeba ugonjwa mpaka mgomba wa jirani. Unachukua mti mrefu wenye panda, unalinasa ua, unazungusha, linakatika. Mama alinikabidhi mti. Nikanasa, nikazungusha, mkungu mzima ukayumba.

"Taratibu," akasema. "Usiutie hasira."

Mtoto wa jirani, wa miaka kama tisa, alikuwa ananitazama. Akaomba mti kwa adabu. Zungusha moja, ua likadondoka miguuni kwangu. Akaliokota, akaligeuza mkononi, halafu akamuuliza mama, si mimi:

"Bibi, huyu mgeni wako anaondoka lini?"