Husika na Kichwa cha Habari Hapo Juu

Ukitaka kujua serikali inafanya nini Katesh, usianzie ofisini. Njoo dukani kwangu, karibu na stendi, kwenye mashine ya kopi. Tangazo haliwezi kubandikwa kwenye nguzo ya umeme kabla halijapita mikononi mwangu: mkutano wa hadhara, chanjo, mchango wa darasa, usafi wa Jumamosi. Nachapa, natoa kopi, napokea hela au ahadi ya hela. Siku mbili baadaye mteja mwingine ananihadithia habari ileile ikiwa imeshageuka kiasi kwamba naiuliza imetoka wapi.

Matangazo ya serikali yana lugha yake. Kila moja linaanza na YAH, herufi kubwa, mstari chini, halafu: “Tafadhali husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu.” Sentensi hiyo vidole vyangu vinaichapa vyenyewe. Msomaji akishahusika, anapelekwa aya ya pili kuelezwa umuhimu wa maendeleo. Mahali na saa ya mkutano huviona chini kabisa, karibu na “bila kukosa”, na hapo ndipo mhuri unapogongwa. Kijana mmoja mtendaji wa kijiji jirani, mteja wangu mzuri isipokuwa siku za kulipa, hugonga mhuri wake juu ya saa kila mara.

“Mtendaji, umefunika saa.”

“Mhuri lazima uonekane, dada. Bila mhuri hawaamini.”

“Na saa je?”

“Saa wanaijua.”

Kweli wanaijua, ndiyo shida. Zamani tangazo lilisema saa nne na watu wakafika saa sita. Mtendaji akajanjaruka, akaandika saa mbili ili wafike saa nne. Wananchi nao hawakulala: walipogundua kwamba saa mbili ni saa nne, wakaja saa saba, wameshakula. Sasa kila upande unamdanganya mwenzake kwa adabu, na mgeni akifika kwa saa iliyoandikwa atawakuta watoto wanacheza mpira kwenye uwanja wa mkutano.

Msiucheke mhuri lakini. Hapa wilayani Hanang karatasi ina historia. Baada ya mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma la NAFCO kuanzishwa kwa msaada wa Kanada, Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw ililishitaki shirika hilo kwa kuingia katika ardhi ya wanakijiji. Mahakama Kuu ikawapa haki wanakijiji. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaipindua hukumu, na moja ya hoja ilikuwa kwamba kijiji hakikuthibitisha kugawiwa ardhi ile na chombo chenye mamlaka. Mtu aliyekulia katika simulizi hiyo ukimpa tangazo lisilo na mhuri, analigeuza, anatazama nyuma, anakurudishia.

Ngano yenyewe nayo imo kwenye habari hii. Gundi ya dukani ni ghali, kwa hiyo matangazo hubandikwa kwa uji mzito wa unga wa ngano. Unashika vizuri sana kwenye mbao. Tatizo ni mbuzi. Nimemwona mmoja, beberu wa kahawia, amesimama kwa miguu ya nyuma kwenye ubao wa matangazo, anaanza na kona ya chini kushoto kama mtu aliyekwisha fundishwa. Alikula sahihi, akala mhuri, akala “bila kukosa”, akaacha YAH. Watu waliopita baada yake walisimama wakaisoma YAH ile kwa makini, wakaondoka.

Ndiyo maana likaja gari la matangazo. Gari halina uji, mbuzi hawaliwezi. Linawezwa na upepo. Upepo wa hapa chini ya Mlima Hanang hauna mzaha: spika inasema sentensi nzima, wewe unapokea vipande. Basi kukatangazwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Dereva alikuwa na haraka, upepo nao una yake, na jirani yangu bibi mmoja aliyekuwa anachambua maharage uani akapata hivi: “…wote wenye umri wa miezi mitatu na kuendelea… chanjo… bure… wafungwe kamba…”

Bibi aliingia dukani na ungo mkononi. “Mwanangu, hiyo serikali gani inayofunga watoto kamba?”

Nilimweleza ni mbwa, maana tangazo nililichapa mwenyewe. Alinitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyehongwa. Siku ya siku uwanjani mbwa walikuwa wengi, wengine wamefungwa kwa mikanda ya suruali, na katikati ya foleni amesimama mama mmoja, mtoto mgongoni, kadi ya kliniki mkononi. Daktari wa mifugo aliipokea kadi akaisoma mpaka mwisho, kwa heshima.

“Mama, hapa ni mbwa.”

“Tangazo limesema miezi mitatu. Huyu anayo minne.”

“Ni mbwa wa miezi mitatu, mama.”

Alielekezwa zahanati, akaenda akilalamika kwamba foleni ya mbwa inakwenda haraka zaidi. Kwa hilo sikuweza kumbishia.

Kuna matangazo ambayo hata yakisikika yote hayasaidii. Oktoba 2024, kuanzia tarehe 11 hadi 20, wananchi walitakiwa kujiandikisha kwenye orodha ya wapiga kura wa serikali za mitaa, kwa ajili ya uchaguzi wa Novemba 27. Mwaka huohuo Tume ya Uchaguzi ilikuwa na zoezi lake la kuboresha Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Orodha ni moja, daftari ni lingine, na aliyepangilia majira yale hakuwa na duka la kopi. Kutwa nzima nilikuwa naonyeshwa vitambulisho: “Mimi nimeshajiandikisha, huyu mwenyekiti wa kitongoji ananifuata nini?” Mzee mmoja alikataa kabisa kuandikwa upya. Akasema akiandikwa mara mbili atatozwa mchango wa darasa mara mbili. Hiyo ndiyo hoja ya kisiasa yenye mashiko kuliko zote nilizozisikia mwaka ule.

Tangazo pekee lisilochelewa ni la Mwenge wa Uhuru. Mwenge ukiwa njiani mifereji inazibuliwa, mawe ya barabarani yanapakwa chokaa, na kila mtu anajua dakika. Mwaka 2023 mbio zilihitimishwa hapa mkoani kwetu, Babati, Oktoba 14. Wino wangu uliisha.

Chini ya miezi miwili baadaye, Jumapili ya Desemba 3, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaingia mjini na vijiji vya jirani kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walifariki. Kwa hilo hapakuwa na YAH wala gari. Mtu alimpigia mtu, aliyepokea akakimbia. Tangu hapo, wakati wa masika spika ikisikika tu watu hutoka nje wakautazama mlima kwanza, ndipo wasikilize, hata kama gari linatangaza sabuni.

Juzi yule mtendaji kijana aliniletea muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, ule ambao sheria inataka ufanyike kila baada ya miezi mitatu. Mapato na matumizi yalichukua mstari mmoja: “Taarifa ilisomwa na kupokelewa.” Mengineyo yalichukua kurasa tatu. Mengineyo ndiyo mkutano wenyewe. Hayo mengine ni salamu. Nikachapa habari za bomba, za mpaka wa shamba, za mwalimu anayetafuta nyumba, mpaka nikafika hapa:

“Mjumbe mmoja alihoji kwa nini mkutano haukutangazwa. Mwenyekiti alijibu kuwa ulitangazwa kwenye ubao. Mjumbe alisema hakuona tangazo lolote. Mwenyekiti alimwuliza, kama hakuona tangazo, amefikaje mkutanoni. Mjumbe alijibu kuwa alikuwa anamfuata mbuzi wake.”

“Hiyo ifute, dada,” mtendaji akasema, akiwa ameinama juu ya bega langu. “Nakala inakwenda wilayani.”

“Nikifuta, mjumbe ataonekana alifikaje?”

Akafikiri, kalamu mdomoni.

“Andika: alipata taarifa kwa njia nyinginezo.”