Waraka kwa Mpiga Gitaa Anayelegeza Nyuzi

Kwako ndugu mpiga gitaa la metali,

Natumai waraka huu utakukuta u mzima wa afya, na majirani zako pia, kadiri inavyowezekana. Sisi mafundi wa magitaa tunakuheshimu sana. Bila watu wa aina yako, wanaonunua pakiti ya nyuzi za 9 kwa 42, wakaishusha mpaka C, kisha wakaja kulalamika kwamba gitaa bovu, tungekula nini? Ila dhamiri nayo ina haki yake, kwa hiyo leo naomba nikupunguzie gharama.

Gitaa lako halina ugonjwa. Uzi wa 42, yaani sehemu 42 za elfu za inchi, ukiwa kwenye E ya chini katika gitaa ambalo uzi wake una urefu wa inchi 25.5, huvutwa kwa nguvu ya karibu kilo 7. Ukiushusha nusu toni nne mpaka C, unabakiwa na kilo 4 na kidogo. Zaidi ya theluthi ya mvuto imekwenda, kwa sababu mvuto hufuata mraba wa masafa ya sauti: sauti ikishuka kidogo, mvuto hushuka sana. Ndiyo maana ukiupiga kwa ile hasira yako tunayoijua, mshale wa tyuna huruka juu ya C, kisha huteremka taratibu kuitafuta noti uliyotuahidi. Ukibana noti mbili tatu kwa pamoja, vidole vinausukuma uzi pembeni na sauti inapanda. Uzi unayumba, unagonga freti, nawe unauita mlio huo “uzito”. Wasikilizaji wako wana jina jingine, ila wamelelewa vizuri.

Najua utanitajia Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath. Umemtaja mtu mzito, na ni kweli alitumia nyuzi nyembamba. Lakini kumbuka sababu. Mwaka 1965, akiwa kijana wa miaka 17, mashine ya kiwandani huko Birmingham ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Na kwa kuwa anapiga kwa mkono wa kushoto, huo wa kulia ndio unaobana nyuzi. Alijitengenezea vifuniko vya plastiki vya kuvalisha vidole, akatafuta nyuzi laini, na baadaye akashusha tuni ili zilainike zaidi. Katika albamu ya Master of Reality ya mwaka 1971, baadhi ya nyimbo zimeshushwa nusu toni tatu. Ule ulegevu aliutafuta kwa makusudi, na mkono wake ukauzoea. Wewe vidole vyako kumi vyote vipo, tumshukuru Mungu. Kilichopungua ni kusoma maandishi ya kwenye pakiti.

Hesabu yenyewe si ya chuo kikuu. Ukitaka mvuto ule ule, kila nusu toni unayoshusha, ongeza unene kwa takriban asilimia 6. Aliyezoea 10 kwa 46 kwenye E, akishuka D atafute 11 kwa 52. Akishuka C, atafute kama 13 kwa 58. Akifika B, uzi wa chini unakaribia 62. Kama gitaa lako ni la inchi 24.75, yale mafupi ya mtindo wa Gibson, ongeza tena kidogo, maana ufupi huo peke yake hupunguza mvuto kwa karibu asilimia 6. Na kama ni uzi wa sita tu unaoshuka kuliko wenzake, nunua pakiti yenye nyuzi nyembamba juu na nene chini. Zipo, zimetengenezwa kwa ajili yako hasa. Uzi wa tatu nao, gitaa likishushwa mpaka C, ni bora uwe umezungushiwa waya. Chuma kitupu cha unene huo huwa kikakamavu na hakikai sawa kwenye freti za juu.

Unaogopa nyuzi nene zitavunja shingo? Zikishushwa inavyotakiwa, shingo inabeba mzigo ule ule iliokuwa ikiubeba kwenye E. Zile nyembamba zilizolegea ndizo zinazoiacha shingo irudi nyuma na kuanza kukwaruza. Kinachohitaji fundi ni vijia vya nyuzi pale juu ya shingo. Uzi wa 58 hauingii kwenye kijia cha 46; unakaa juu yake, unanasa, na ukikaza kigingi unalia “nyii!” kabla ya kuruka. Kijia kipigwe tupa taratibu, kisha vile vipande vya daraja virekebishwe mpaka noti ya freti ya 12 iwe oktava kamili juu ya uzi mtupu.

Usije nawe ukaruka upande wa pili, ukafunga 13 kwa 62 kwenye E ya kawaida ili wenzako wakuone mwanaume. Hayo ni mazoezi ya viungo, si muziki. Na anayeupenda ulegevu, akaupiga kwa mkono mwepesi, simdai kitu.

Utanijibu kwa methali: mchagua jembe si mkulima. Sawa kabisa, ila sijamwona mkulima anayelima kwa kijiko. Basi nakuomba, ndugu yangu, kabla ya kuingia tena dukani, amua kwanza unashuka mpaka noti gani, piga hiyo hesabu ya asilimia 6, ndipo utaje namba. Ukishindwa, njoo nikufanyie bure. Kutengeneza gitaa zima nitakutoza.

Wako mtiifu,
Fundi magitaa