Subaru Iliyopumulia Bomba la Bafu

Hapa Rongo, mwenye Subaru Forester ya turbo hana haja ya kujitambulisha. Vijana wa bodaboda huijua kwa mlio kabla haijatokeza kwenye njia panda ya Homa Bay, na wazee huijua kwa vumbi walilokwisha kumwagiwa. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anayo moja. Tangu siku aliyoinunua anaamini kwamba Wajapani walimpunja nguvu kidogo, na deni hilo ni lazima alidai mwenyewe.

Nguvu zilizopunjwa, kwa maelezo yake, zimo kwenye hewa baridi. Hapo hakukosea. Hewa ikipungua joto kwa nyuzi 3 hivi, uzito wake katika ujazo uleule huongezeka kwa takriban asilimia 1. Oksijeni ikizidi, petroli nyingi zaidi huchomeka. Akanikumbusha tena kwamba Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na sisi tuko juu ya ziwa, kwa hiyo hewa yetu ni nyepesi tangu asili. "Shemeji, hii gari inapumua kwa shida," akaniambia kwa sauti ya mtu aliyetoka kumwona mgonjwa wodini.

Bei ya kifaa cha kuvuta hewa baridi kilichotengenezwa tayari aliyotajiwa kule Kisii ilimfanya aombe maji ya kunywa. Ndipo alipoyaona mabomba yangu.

Nilikuwa nimenunua PVC ya inchi 3 pamoja na elbo zake, ya kutoa maji machafu bafuni. Yalilala nyuma ya nyumba yakimngoja fundi wa mabomba, ambaye anangojwa na nusu ya mji. Jumamosi moja narudi kutoka sokoni, nakuta bomba limekwisha pigwa msumeno, boneti iko wazi, na shemeji ameinama humo na kijana mmoja wa jua kali anayejua kuchomelea milango. Kasha la ea klina lilikuwa kwenye nyasi, kuku wakilikagua.

Bomba liliunganishwa na hosi ya mpira iendayo kwenye turbo, likapita pembeni ya injini, likapinda kwa elbo na kuteremka hadi nyuma ya bampa, ambako lilivishwa chujio la mviringo. Sensa ya kupima hewa ilitobolewa tundu lake kwenye PVC na kugandishwa kwa gundi. Kuna hosi moja iliyozuia njia. Wakaichomoa, wakaiacha ikining'inia, na pale ilipotoka wakaziba kwa gunzi la mahindi.

"Hata magari ya Safari Rally yalifungwa bomba la hewa," shemeji akajitetea. Kweli. Subaru Impreza aliyoshindia Colin McRae mwaka 1997 ilikuwa nalo. Lakini bomba lile lilipanda kando ya kioo cha mbele hadi usawa wa paa, likikimbia vumbi na maji. La kwetu lilikuwa usawa wa magoti.

Injini ilipowaka, taa ya onyo nayo ikawaka, na shemeji akasema itazoea. Alipokanyaga mafuta kisha akaachia ghafla, gari likatoa "pshuuu!" iliyowatoa watoto wa jirani nyumbani wakikimbia. Nusura alie kwa furaha. Mimi niliutazama moshi mweusi nyuma. Ile hosi iliyoachwa inaning'inia ndiyo inayoirudisha hewa kwenye turbo dereva anapoachia mafuta. Sensa ilikwisha ihesabu hewa hiyo na petroli yake ikatolewa. Sasa hewa inatorokea nje, petroli inabaki haina mwenza. Kwa bei ya petroli ya sasa, ile pshuuu ni muziki wa tajiri.

Tukaenda kuijaribu hadi Awendo. Yeyote aliyewahi kusafiri barabara ya Migori msimu wa kuvuna miwa anajua kilichotukuta: trekta, tela zake mbili, na mvua ya majani makavu. Chujio letu lilivikusanya vyote, na harufu ya plastiki ikaanza kuingia ndani, maana PVC hulegea ikifika nyuzi 80 hivi na chini ya boneti ya turbo joto halina adabu. Wakati wa kurudi ikaja mvua yetu ya alasiri, isiyobisha hodi. Dimbwi la kwanza pembeni ya barabara, gari likakohoa na kuzima.

Shemeji akashika ufunguo. Nikaukamata mkono wake kwa nguvu ambazo sikujua ninazo. Maji hayabanwi; pistoni ikiyakuta ndani ya silinda, kinachopinda ni mkono wake wa chuma, na baada ya hapo unanunua injini. Tulisukuma tukiwa tumelowa hadi kwa fundi mmoja mzee wa Subaru. Alifungua, akamwaga maji yaliyoishia kwenye elbo, akatoa jani la muwa, kisha akabaki kimya akilitazama gunzi. Nusu yake ilikuwa imeshaanza safari ya kuelekea turbo, ambayo gurudumu lake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.

Hukumu yake ilikuwa fupi. Kasha la kiwandani lilikuwa likivuta hewa ya nje, ya mbele ya gari, tangu mwanzo. Isitoshe, turbo ikiibana hewa huipasha hata kupita nyuzi 100, ndiyo maana kuna intakula pale juu, na lile tundu kwenye boneti halikuwekwa liwe pambo. Anayetaka hewa baridi aisafishe intakula matope na wadudu, abadilishe ea klina mapema kuliko kitabu kinavyosema, kwa sababu kitabu hakijui vumbi la matrekta ya miwa.

Kasha limerudishwa mahali pake, na Forester inaupanda mlima wa Kisii bila kukohoa. Ila shemeji ameanza kuzungumzia egzosi. Mwenye bomba la chuma la inchi 3, kuanzia Kanga hadi Riosiri, nakuomba ulifungie ndani.