Sifa za 16,777,216

Namba nyingine hujivunia sifa moja zikatulia. Hii mtukufu 16,777,216 imejaliwa zote: ni kipeo cha pili cha 4,096, ni kipeo cha tatu cha 256, na ukizidisha 8 nane zenyewe kwa zenyewe utaikuta palepale. Hayo madogo.

Ukuu wake ni kugawika. Igawe kwa mbili, kisha nusu yake kwa mbili, uendelee hivyo mara 24 mpaka ibaki moja, hakuna kilichomegeka. Laiti kihamba, shamba la ukoo, kingekuwa na adabu hiyo! Kaka na mdogo wangegawana sawa, watoto wao vilevile, vizazi 24, na hapa kwetu Masama nzima asingepatikana wa kung'oa sale la mpaka wa mwenzake usiku. Ni kweli kwamba ekari moja ingekuwa imefikia ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, lakini ukucha usio na kesi baraza la kata ni mali.

Tulikutana nayo mwaka 2024. Kila tokeni ya umeme wa LUKU hubeba dakika iliyouzwa, dakika zikihesabiwa tangu Januari 1, 1993, na waliobuni mfumo waliacha nafasi ya dakika 16,777,216 basi. Ziliisha Novemba 24, 2024, dunia nzima. Ndiyo maana TANESCO ilitutumia mistari mitatu ya tarakimu ishirini ishirini, miwili ya kwanza ya kuihamishia mita kwenye hesabu mpya, bila hata uniti moja.

Hapa Kwa Sadala mita yetu iko juu ya mlango wa stoo, na kitufe cha 5 kimelika, hakikubali mpaka ukibonyeze kwa ukucha. Mmoja anamulika kwa simu, mwingine anasoma.

"Moja au saba?"

"Saba! Si nimesema saba?"

Tarakimu sitini, jamani! Mtu kaona miaka 31 inatosha, kaenda zake, sisi tuko juu ya ndoo gizani. Na hizo dakika walizozihesabu bila kuruka hata moja, mbona umeme ukikatika hakuna wa kutuambia utarudi baada ya ngapi?

Turudi kwenye sifa. Ukiigawa kwa tatu, hubaki moja. Sisi wapangaji tuko watatu kwenye mita hiyo, na kweli kila mwezi kuna kinachobaki: kodi ya jengo, inayokatwa humohumo kwenye LUKU tangu Agosti 2021, sasa shilingi 1,500. Ni kodi ya mwenye jengo. Jengo si letu. Letu ni kuchanga.

Hesabu mpya ya dakika imeanzia 2014, itajaa Novemba 2045. Nimemuuliza baba mwenye nyumba kama kufikia hapo atakuwa ameturudishia. Kasema tuongee mwisho wa mwezi.