Jina Langu Linaishia Malaba

Mimi nauza malewa. Kwa msomaji wa Pwani ambaye hajafika Bugisu, mashariki ya Uganda, malewa ni machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon. Hukaushwa kwa moshi, hulowekwa, kisha hupikwa kwa karanga za kusaga. Mgeni akiyaona mara ya kwanza hudhani ni kuni. Mgisu aliyeko London akiyaona hulia. Biashara yangu yote imesimama juu ya machozi hayo.

Kiwanda ni chumba kimoja nyuma ya nyumba hapa Busiu, kando ya barabara ya Tororo kwenda Mbale. Pakiti ina malewa makavu na kikopo cha karanga. Juu yake mchora vibao wetu amechora bibi mwenye kilemba, mwiko mkononi, amemwiga shangazi yangu sura na ukali wake wote. Jina ni Jiko la Kukhu, yaani jiko la bibi.

Sokoni Mbale kuna bwana mmoja naye ametoa pakiti yake. Ina bibi, ina kilemba, ina mwiko. Tofauti ni moja tu: bibi yangu anatazama kushoto, wake anatazama kulia. Nilipomwendea kulalamika, alizichukua pakiti mbili akazipanga ubavu kwa ubavu juu ya meza, akaniambia, "Mzee wangu, hawa ni ndugu. Tazama, wanaongea." Watu wakacheka. Akauza tatu nikiwa bado nimesimama pale.

Huyo wa Mbale angalau namfahamu, na nikikasirika naweza kupanda matatu nikamtukane ana kwa ana. Shida ni wa ng'ambo. Mpwa wangu anaishi Leicester, na juzi alinitumia picha kutoka duka moja la huko. Kukhu wangu yuko rafuni, kilemba chake, mwiko wake, anatazama kushoto kama kawaida. Ila chini yake pameandikwa kampuni ya yule mnunuzi aliyewahi kuagiza mzigo kwetu, na kando ya jina kuna kiduara chenye herufi R.

"Mjomba, hiyo R maana yake jina limesajiliwa," akasema.

"Limesajiliwa na nani?"

"Na yeye. Sasa tukileta zetu, anaweza kutuzuia."

Yaani kukhu mwenyewe, mzaliwa wa Busiu, akitua Uingereza ndiye bandia!

Na usiniambie mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari ninalo. Tulifanyiwa semina hotelini Mbale, soda na sambusa, kijana mwenye tai akatuhimiza tulinde miliki bunifu. Nikafuata njia yote kama ilivyo kwenye Sheria ya Alama za Biashara ya mwaka 2010: jina likatafutwa kama lina mwenyewe, ombi likapelekwa kwa msajili, likatangazwa kwenye gazeti la serikali siku 60 ili mwenye pingamizi aseme, hatimaye cheti. Kinadumu miaka 7, kisha unakihuisha kwa miaka 10 kila mara. Nimekitia fremu, kiko ukutani juu ya gunia la karanga.

Jambo ambalo yule kijana mwenye tai hakulitaja, labda kwa kuwa sambusa zilikuwa zimefika, ni kwamba cheti cha Uganda kinatawala Uganda tu. Malewa yangu yanavuka mpaka wa Malaba kuingia Kenya, karanga zinavuka, hata panya aliyejificha kwenye gunia anavuka. Jina linabaki upande huu. Tuna Jumuiya ya Afrika Mashariki, soko la pamoja tangu mwaka 2010, na bado kila nchi ina daftari lake la alama. Tanzania peke yake ina madaftari mawili, la Bara na la Zanzibar. Ukitaka kukhu atambulike Dar es Salaam na Unguja, unaanza upya mara mbili na kulipa mara mbili.

Wajuzi watasema kuna njia ya mkato. Zipo mbili, na zote zimepangwa na mtu asiyenipenda. Ya kwanza ni ya ARIPO, shirika la miliki bunifu la nchi za Afrika lililoko Harare, chini ya Itifaki ya Banjul: ombi moja, nchi kadhaa za Afrika. Uganda imo, lakini Kenya, ambako mzigo wangu unapita, haimo. Ya pili ni ya mfumo wa kimataifa wa Madrid: ombi moja na unachagua nchi zaidi ya mia, Uingereza na Marekani zikiwemo. Huko Kenya imo tangu mwaka 1998, Rwanda tangu 2013. Sisi hatumo. Mkenya mwenye kibanda Malaba, ninayeweza kumpungia mkono nikiwa upande wetu, anajaza fomu moja jina lake likaenda Ulaya. Mimi sharti nitafute wakala nchi baada ya nchi, kila mmoja na ada yake, na hakuna hata mmoja anayepokea malewa.

Halafu kuna madaraja. Bidhaa na huduma zote za dunia zimegawanywa madaraja 45, na ukisajili unasajili kwa daraja. Malewa makavu na karanga za kusaga vimewekwa daraja la 29, pamoja na nyama na maziwa. Nilipotaka kuongeza kahawa ya kusaga, nikaambiwa kahawa ni daraja la 30, ada nyingine. Hapa Busiu kahawa na karanga hukaa sinia moja, hazijawahi kugombana.

Kuna na saa inayokimbia. Ukishaomba nyumbani, una miezi 6 ya kuomba nchi nyingine ukahesabiwa kwa tarehe ile ile ya kwanza. Miezi 6! Kwetu huo ndio muda wa kusubiri mdeni alipe ili upate nauli ya kwenda kuuliza ada ni kiasi gani.

Wakubwa wakivamiwa hupata watetezi. Mwaka 2005 Ethiopia iliomba Marekani isajili majina ya kahawa yake, Sidamo, Harar na Yirgacheffe. Chama cha wafanyabiashara wa kahawa cha Marekani kikapinga, Starbucks ikaingia katikati, kelele zikavuka bahari, na mwaka 2007 Ethiopia na Starbucks zikatia saini makubaliano. Kampuni moja ya Uingereza ilipoomba kusajili neno "kikoy" mwaka 2006, Wakenya walipiga yowe hadi ombi likafa. "Hakuna matata" nayo Disney waliisajili Marekani kwa ajili ya fulana mwaka 2003, na mwishoni mwa mwaka 2018 watu wakatia saini malalamiko kwa maelfu. Kwa kukhu wa Busiu nani atatia saini? Hata bwana wa Mbale hawezi, maana akikubali kwamba bibi ni wangu, amejifunga mwenyewe.

Mpwa wangu hajakata tamaa. Anasema Waingereza wana sheria ya kufuta alama iliyosajiliwa kwa nia mbaya, ila tulete ushahidi kwamba jina lilikuwa letu na kwamba yule bwana alilijua: risiti, barua pepe, ankara, pakiti za zamani zenye tarehe. Na kuanzia sasa, kila mnunuzi wa ng'ambo atie saini kwanza karatasi inayosema jina ni letu, ndipo apewe mchoro. Nimemwambia sawa. Ankara ziko kwenye daftari la shule la binti yangu, katikati ya hesabu za sehemu na mchoro wa moyo wa binadamu. Nasubiri kuona hakimu wa Uingereza atakavyozisoma.

Wakala wa huko akauliza na jambo jingine: yule mama aliyechorwa, je, aliridhia kwa maandishi? Nikapeleka karatasi kwa shangazi nikidhani ni ya kuweka dole gumba tu. Akamwita mjukuu amsomee. Akasomewa tena. Kisha akataka kujua nimeuza pakiti ngapi tangu sura yake ianze kusafiri, na fungu lake liko wapi. Nikamweleza kwa upole kwamba mambo haya yana taratibu, yana madaraja, yana itifaki.

"Mwanangu," akasema, "huyo Mwingereza amekushinda kwa sababu yuko mbali. Mimi niko hapa hapa Busiu."